Televisheni na Heshima ya Mwanamke

Wako watu wengi, na baadhi yao ni wenye elimu, wanaodhani ya kuwa tamthilia za jioni katika televisheni ni mambo ya upuuzi tu. Husema ya kuwa ni mchezo wa kuwapumzisha akina mama baada ya kazi, na ukiisha umekwisha, hauachi alama. Kwa sababu hiyo baba wa nyumba huiacha tamthilia ipite kama upepo upitavyo dirishani, wala haulizi watoto wake wameona nini. Sisi leo twataka kuwaonyesha wasomaji wetu ya kuwa mawazo hayo si sahihi. Kwa muda wa miaka zaidi ya 50 walimu wa vyuo vikuu wamelichunguza jambo hili kwa bidii: televisheni yafundisha nini juu ya mwanamke na mwanamume, na mafundisho hayo yazaa matunda gani katika nyumba za watu? Waliyoyaona yatuhusu sana sisi Wakristu, mengine kwa kutuonya, na mengine kwa kutuaibisha.

Wasioonekana katika picha

Mwanzoni elimu hii ilidharauliwa. Mabingwa wa vyuo waliona si heshima kukaa wakiandika vitabu juu ya hadithi za mapenzi na ugomvi wa mama mkwe. Walikubali kuchunguza habari za siasa na hotuba za wakubwa, lakini yale yaliyotazamwa na akina mama sebuleni waliyaona kuwa takataka. Katika miaka ya 1970 wanawake wasomi walianza kuuliza: ikiwa mamilioni ya watu hutazama jambo moja kila siku, je, jambo hilo laweza kuwa dogo?

Kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Huko Marekani George Gerbner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliandika, mwaka hata mwaka, ni nani anayeonekana katika michezo ya jioni, anafanya kazi gani, na ni nani anayempiga mwenziwe. Katika miaka hiyo waliona ya kuwa wanaume walionekana karibu watatu kwa kila mwanamke mmoja, hali katika nchi yenyewe wanawake walikuwa nusu ya watu na zaidi. Mwaka 1978 mtaalamu mwingine, Gaye Tuchman, alieleza ya kuwa mtu asiyeonyeshwa kabisa, au anayeonyeshwa kwa kudharauliwa tu, ni kama amefutwa katika mawazo ya taifa lake.

Hapo twapata somo la kwanza: mambo yasiyoonyeshwa hufundisha kama yale yanayoonyeshwa. Msichana atazame televisheni kwa miaka 10, asimwone hata mara moja mama mkulima mwenye akili, wala mjane aliyelea watoto wake kwa heshima. Hakuna mtu atakayemwambia ya kuwa watu hao si kitu. Atajiambia mwenyewe.

Mtazamaji si kibuyu kitupu

Hata hivyo wengine waliona ya kuwa hesabu peke yake haitoshi. Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Birmingham huko Uingereza, alieleza mwaka 1973 ya kuwa mwenye kutengeneza picha hutia maana yake ndani, lakini mtazamaji naye huifungua maana hiyo kwa akili zake. Mmoja huipokea yote kama alivyopewa. Wa pili huipima na maisha yake, akakubali nusu na kubisha nusu. Wa tatu huitambua vizuri, akaikataa.

Jambo hili lilipata ushahidi katika nchi ya Uholanzi. Wakati ule watu wa Ulaya walikuwa wakitazama tamthilia ya Marekani iitwayo Dallas, juu ya jamaa wa tajiri wa mafuta katika jimbo la Texas. Wasomi wengi waliilaani. Ien Ang, mtafiti aliyezaliwa Indonesia na kukulia Uholanzi, alitia tangazo dogo katika gazeti la wanawake, akiwaomba wasomaji wamwandikie kwa nini wanaipenda au kuichukia tamthilia hiyo. Alipata barua 42, karibu zote za wanawake, akazitungia kitabu kilichotoka mwaka 1982. Walioipenda hawakudanganyika hata kidogo: walijua ya kuwa majumba yale na magari yale si maisha yao. Walichokitambua kuwa ni kweli ni majonzi ya mke anayedharauliwa, na ugomvi wa ndugu, na jinsi furaha isivyodumu. Walilia machozi yao wenyewe kwa macho ya mwingine.

Mtaalamu wa tatu, David Morley, aliingia katika nyumba za watu. Aliongea na jamaa 18 za London ya kusini, akatoa kitabu chake mwaka 1986. Aliona ya kuwa kile kidude cha kubadilishia stesheni, ambacho sisi twakiita rimoti, kwa kawaida hukaa mkononi mwa baba. Baba hutazama kwa kunyamaza, na hutaka wengine nao wanyamaze. Mama hutazama huku akishona, akipiga pasi, au akiongea na watoto, kwa maana kwake nyumba si mahali pa kupumzika bali ni mahali pa kazi. Wengine waliona haya kusema ya kuwa wanazipenda tamthilia, kwa kuwa nyumbani huchekwa. Basi Morley alitufundisha ya kuwa ukitaka kujua televisheni inafanya nini, usitazame kioo tu. Geuka uwatazame waliokaa mbele yake, na jinsi wanavyotendeana.

Habari za Brazili

Kutokana na hayo mtu aweza kusema: kumbe hakuna hatari, maana watazamaji wana akili zao. Asikimbilie kusema hivyo kabla ya kusikia habari za Brazili.

Brazili ndiyo nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko nchi zote za dunia. Mwaka 1960 mwanamke wa huko alizaa kwa wastani watoto 6.3, mwaka 2000 wastani ulikuwa umeshuka hadi 2.3. Serikali haikuwa na mpango rasmi wa kupunguza uzazi, na Kanisa halikubadili mafundisho yake. Watu walihamia mijini, wanawake walisoma zaidi, na mambo hayo yote yalikuwa na nguvu yake. Lakini watafiti watatu, Eliana La Ferrara, Alberto Chong na Suzanne Duryea, walitazama pia stesheni ya Globo, iliyoanza mwaka 1965, na tamthilia zake zilizokusanya nchi nzima mbele ya kioo kila jioni.

Walichunguza tamthilia 115 zilizoonyeshwa kati ya miaka ya 1965 na 1999. Wakaona ya kuwa kati ya wahusika wakuu wa kike wenye umri usiozidi miaka 50, wapatao 72 katika kila 100 hawakuwa na mtoto hata mmoja, na 21 walikuwa na mtoto mmoja tu. Kisha wakafuata njia ya mawimbi yenyewe. Globo haikufika pote kwa siku moja. Wilaya hii iliipata mapema, ile ikachelewa miaka mingi. Walipolinganisha, waliona ya kuwa Globo ilipofika uzazi ulipungua, na zaidi kwa wanawake maskini na wenye elimu ndogo. Tena katika mahali hapo wazazi waliwapa watoto wao majina ya wahusika wa tamthilia. Uchunguzi huo ulitolewa mwaka 2012.

Tueleweke vizuri. Hatusemi kwamba nyumba yenye watoto wawili ni nyumba mbaya. Papa Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1968 juu ya uzazi, aliwakumbusha mume na mke wajibu wao wa kupima mambo hayo kwa busara mbele ya Mungu. Linalotushangaza ni jinsi lilivyotendeka. Hakuna mhusika aliyesimama katika kioo akasema: punguzeni watoto. Hakukuwa na mabishano, wala hoja, wala mtu wa kujibiwa. Palikuwa na nyumba nzuri tu, na mama mwenye nguo nzuri, na mtoto mmoja au hakuna, jioni hata jioni, kwa miaka 30. Jambo lililo zito kuliko mengi katika ndoa likapata jibu lake kabla mume na mke hawajaulizana swali.

Habari za India

Sasa twende India, tuone sura ya pili ya sanduku hilohilo. Kati ya miaka ya 2001 na 2003 televisheni ya kebo ilikuwa ikiingia katika vijiji vya huko. Watafiti wawili, Robert Jensen na Emily Oster, waliwauliza wanawake wa majimbo matano maswali yaleyale mwaka hata mwaka, kabla ya kebo na baada yake. Tamthilia zilizopendwa zilihusu nyumba kubwa za mjini, mathalani ile iliyoanza mwaka 2000 juu ya mama mkwe na wake wa wanawe, iitwayo Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi. Wanawake waliomo walisoma, walitoka nyumbani, walisema neno likasikiwa.

Kebo ilipoingia kijijini, walipungua wanawake waliosema ya kuwa mume ana haki ya kumpiga mkewe. Walipungua pia waliosema ya kuwa mtoto wa kiume ni bora kuliko wa kike. Waliongezeka waliosema ya kuwa wanashauriwa katika mambo ya nyumba. Uzazi nao ulipungua, kama Brazili. Hayo yalitolewa mwaka 2009. Ni kweli ya kuwa kuacha kusema si lazima kuwa kuacha kutenda, na watafiti wenyewe walijua hivyo. Lakini mwanamke aliyekwisha kuona moyoni mwake ya kuwa kipigo si haki yake, huyo amepiga hatua ambayo hatarudi nyuma kwa urahisi.

Hapa ndipo tunapoaibika. Mwenye stesheni alitaka kuuza matangazo ya sabuni. Hakutumwa kuhubiri heshima ya binti wa Mungu, lakini wanawake waliijifunza heshima hiyo mbele ya kioo chake. Nasi tuliotumwa je? Katika uchunguzi wa taifa wa Tanzania juu ya afya na uzazi wa mwaka 2015-16, wanawake 58 katika kila 100 walikubali ya kuwa mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanaume waliokubali hivyo walikuwa 40 katika kila 100. Bila shaka kati yao walikuwamo waliobatizwa, waliofunga ndoa mbele ya altare, na wanaoketi pamoja nasi katika Misa kila Dominika. Kwa nini mwanamke Mkristu angoje kebo ndipo asikie ya kuwa hakuumbwa kwa kupigwa?

Kanisa limesema nini

Mama Kanisa hakulala katika jambo hili. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliandika barua kwa dunia nzima juu ya sinema, redio na televisheni, naye hakuziita kazi za shetani, bali vipaji vya ajabu vinavyohitaji kuongozwa. Mwaka 1958 Mtakatifu Klara wa Assisi alitangazwa kuwa msimamizi wa televisheni, kwa sababu yasimuliwa ya kuwa alipokuwa mgonjwa usiku wa Noeli, asiweze kwenda kanisani, aliiona na kuisikia ibada hiyo akiwa kitandani mwake. Ni vema tukumbuke ya kuwa msimamizi huyo ni mwanamke.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari tarehe 4 Desemba 1963. Hati hiyo yawakumbusha wazazi wajibu wao wa kulinda kinachoingia nyumbani. Lakini haikuishia katika kukataza. Yawataka vijana wajifunze kuelewa wanayoyaona, wakazungumze juu yake na walimu wao. Tena mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliitoa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni kwa ajili ya jambo hilihili, yaani vyombo vya habari viwe uwanja wa kuikuza nafasi ya mwanamke katika jamii. Naye alisikitikia picha zinazomfanya mwanamke kuwa chombo cha tamaa.

Mambo yetu ya nyumbani

Mtu asiseme ya kuwa hayo ni ya Brazili na India, sisi yatuhusu nini. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, na Tanzania Bara ikapata stesheni zake tangu mwaka 1994. Tangu hapo tamthilia za Mexico, za Ufilipino, za Korea, za Uturuki na za Nigeria zimeingia katika vyumba vyetu. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya China juu ya mke kijana na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Na kabla ya hapo, mwaka 1993, Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliotungwa kwa mtindo uliotoka Mexico ili kufundisha watu juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Mkwaju, dereva wa malori, na mkewe Tunu walijulikana nchini kama majirani. Kwa hiyo wenye kupanga mambo wamekwisha kujua zamani nguvu ya hadithi. Sisi tusiwe wa mwisho kuijua.

Wazazi wengine hudhani dawa ni moja tu: kulizima sanduku, au kulitoa nyumbani. Twawaheshimu, na kwa watoto wadogo kuna saa ambayo kuzima ni wajibu. Lakini kijana aliyekatazwa nyumbani ataona kwa jirani, au katika simu ya mwenzake, naye ataona peke yake pasipo mtu wa kumwuliza. Wazee walisema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nasi twaongeza ya kuwa baba naye amo katika kazi hiyo. Baba aketi na watoto wake, aone wanachokiona, kisha azungumze nao.

Azungumze nini? Twashauri maswali matatu, rahisi kwa kila nyumba, yenye kutoka katika hayo tuliyoyasimulia. Kwanza: ni nani asiyeonekana katika hadithi hii? Je, yumo mama kama mama yetu, mwenye kazi kama yake? Pili: ni jambo gani lililofanywa kuwa la kawaida, bila mtu kulieleza? Pengine ni kofi la mume, ambalo kila mtu amelipita kimya. Pengine ni ndoa inayovunjwa kama kikombe. Tatu: je, sisi twakubali? Hapo mtoto apewe nafasi ya kubisha, hata kumbisha baba yake, kwa adabu. Maana huko ndiko kufungua maana kwa akili zako mwenyewe, na akili hiyo haijengwi kwa kunyamazishwa.

Maswali hayo yafaa pia katika jumuiya ndogo ndogo, katika mikutano ya WAWATA, na katika mafundisho ya wachumba. Mapadre na makatekista wasione haya kuitaja tamthilia katika mafundisho yao. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa hadithi za watu wa kawaida: mama aliyefagia nyumba akitafuta shilingi yake, mjane aliyemsumbua hakimu mpaka akapata haki. Katika hadithi zake wanawake hawakufutwa.

Tena twalo neno moja kwa akina baba. Ukishika rimoti mkononi na kuwaamuru wote wanyamaze, ukamjibu mkeo kwa dharau mbele ya binti yako, basi wewe ndiwe tamthilia ambayo binti huyo anaitazama kila siku, wala hawezi kuizima. Na atakapoolewa, atapima kwa hiyo ni kipi cha kuvumilia na ni kipi cha kukataa. Wataalamu wametuonyesha ya kuwa picha huingia moyoni polepole, kwa kurudiwa, bila kelele. Kama hivyo ndivyo kwa picha za watu tusiowajua, itakuwaje kwa picha ya baba na mama? Tuanze jioni ya leo, kila mmoja nyumbani kwake, kuwapa watoto wetu mfano ambao hawatahitaji kuusahau ili wawe Wakristu wema.